Bustani ya Victoria: Kabla ya Picha za Harusi, Tuwajue Wanawake Waliotutangulia



Leo hatuzungumzii mishono wala bei za lesi. Tunataka kuwasimulia jambo lililotukuta dukani, ambalo lilitutoa kwenye cherehani likatupeleka kwenye historia.

Alikuja bi harusi mmoja na mama yake kuagiza nguo. Mashallah, mtoto mzuri, mpole, na alijua anachokitaka. Alitaka picha zake zipigwe Bustani ya Victoria, pale Vuga, karibu na Ikulu. Nguo aliitaka ya mtindo wa "usiku wa harimu": satini nyekundu iliyoiva, mikufu ya dhahabu kiunoni na vifundoni, na shela jembamba la kufunika nusu ya uso. Mpiga picha ndiye aliyempa wazo hilo, alimwambia kuwa bustani ile ilikuwa ya masuria wa Sultani, kwa hiyo nguo na mahali vitaoana. Tukapima, tukapokea arubuni, tukaanza kukata kitambaa.

Siku ya kujaribisha alikuja na bibi yake. Bibi akakaa kwenye kiti, akatazama ile mikufu ya vifundoni, akauliza ni ya nini. Mjukuu akamweleza huku anacheka. Bibi hakucheka. Alisema, "Bibi yangu mimi alikuwa suria. Hakuvaa hivyo kwa kupenda. Mimi sitaki kuiona picha hiyo ukutani kwangu."

Duka zima likanyamaza. Mama wa bi harusi akatutazama sisi, kama kwamba sisi ndio tulioleta fitina. Na kusema kweli, sisi wenyewe hatukuwa na la kujibu. Tumesoma skuli mpaka sekondari, tukaenda kusomea ushoni, tumepita mbele ya bustani ile tangu utoto, na tulikuwa tunadhani ilijengwa kwa ajili ya Malkia Victoria. Basi tukaiweka ile satini pembeni, tukaanza kuuliza na kusoma. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Ilianza kuwa bustani ya wanawake

Kabla ya kuitwa Victoria, bustani hii ilikuwa ya Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Huyu ndiye Sultani aliyejenga Beit el Ajaib mwaka 1883, na ndiye aliyewaletea watu wa mji maji ya bomba kutoka chemchemi za nje ya mji. Mwaka 1859, alipokuwa kijana, alijaribu kumpindua ndugu yake Seyyid Majid, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay. Aliporudi na hatimaye kutawala, alipenda majengo, maji na bustani.

Wanawake wa nyumba yake walitengewa mahali pao. Kaskazini ya mji, Maruhubi, alijenga kasri baina ya mwaka 1880 na 1882 kwa ajili ya harimu yake. Na hapa Vuga palikuwa na bustani na hamamu yao, wapumzike penye kivuli, waoge, watembee bila kuonwa na mtu wa kando.

Dada zetu, neno harimu limeharibiwa na sinema. Asili yake ni mahali palipohifadhiwa, sehemu ya nyumba ambayo mwanamme wa nje haingii. Hata nyumba za bibi zetu zilikuwa na ukumbi wa wanawake, na hakuna aliyeona ajabu. Hilo si la kuonea haya. La kufikiri ni jengine: ndani ya harimu ya Sultani walikuwa akina nani?

Wake wa ndoa walikuwa wachache. Walio wengi walikuwa masuria, yaani wanawake walionunuliwa. Wapo waliotoka nchi za Caucasus, weupe, walioitwa Wacherkezi. Wapo waliotoka Uhabeshi. Wapo waliotoka bara ya Afrika. Kwa sheria, suria aliyemzalia bwana wake hakuuzwa tena, mtoto wake alikuwa huru na mwenye haki sawa na watoto wa mke, na bwana akifa naye huwa huru. Kwa hiyo mtoto wa suria aliweza kuwa Sultani. Seyyid Barghash mwenyewe mama yake alikuwa Mhabeshi.

Hapa ndipo mtu husema, "Basi si waliishi vizuri?" Walikula vizuri, walivaa hariri, walifukizwa udi. Lakini yupi kati yao aliyeulizwa kama anataka kuja?

Mmoja aliyeshika kalamu

Katika wanawake wa nyumba zile, yupo mmoja aliyetuachia maandishi: Seyyida Salme, dada yake Barghash kwa baba. Alizaliwa mwaka 1844 katika kasri ya Mtoni. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkezi aliyeletwa angali mtoto. Salme hakukulia kwenye bustani ya Vuga, lakini maisha aliyoyaeleza ya Mtoni yanatupa sura ya nyumba kama zile: ua mpana wenye tausi na paa, hamamu zenye watu tangu alfajiri, na lugha chungu nzima zikizungumzwa kwa wakati mmoja.

Watoto wa kike walifundishwa kusoma Qur'ani. Kuandika hawakufundishwa. Salme akajifundisha mwenyewe kwa siri, kwa kuiga herufi. Na angalieni maajabu: mwaka 1859, Barghash alipopanga njama yake, aliyemuandikia barua alikuwa huyo huyo dada yake, kwa sababu ndiye mwanamke wa nyumba aliyejua kuandika. Mwaka 1866 aliondoka Zanzibar, akaolewa na Mjerumani, akaishi Ujerumani, na mwaka 1886 kitabu cha kumbukumbu zake kilichapishwa kule kwa Kijerumani. Safari yake ina mambo mengi, na sisi hatumhukumu. Tunalolichukua ni hili: katika mamia ya wanawake wa zile nyumba, tunaijua sauti ya huyu kwa sababu alishika kalamu. Wengine wamebaki kimya, na ukimya wao ndio watu wanaoujaza hadithi za "usiku wa harimu".

Daktari aliyeleta miche

Sasa tuje kwenye miti, maana hii ni bustani ya mimea, si ya maua ya kupendezesha tu.

Mimea mingi ya pale inanasibishwa na Sir John Kirk, daktari wa Kiskoti na mtaalamu wa mimea. Alikuja Afrika na David Livingstone katika msafara wa mto Zambezi, kisha akafika Zanzibar mwaka 1866 na baadaye akawa balozi wa Uingereza. Alikuwa mtu wa kuokota majani na mbegu kila anapokwenda, na mimea mingi ya huku aliipeleka bustani ya Kew, London. Yule kima punju wetu wa Jozani jina lake la kisayansi limebeba jina la Kirk. Katika bustani ya Vuga inaelezwa kuwa aliongeza miti ya chai, kahawa, kakao na mikarafuu.

Huyo huyo Kirk ndiye aliyemshinikiza Seyyid Barghash kutia saini mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, baada ya Waingereza kutishia kuizingira Zanzibar kwa manowari. Mkataba ule ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Kwa hiyo mtu mmoja ana sehemu yake katika kufunga soko la kuuzia watu, na ana sehemu yake katika miti ya bustani ya wanawake walionunuliwa. Soko lilifungwa, lakini waliokwisha kununuliwa walibaki walipo.

Ukuta ulipofunguliwa

Seyyid Barghash alifariki mwaka 1888. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zikaupiga mizinga mji kwa muda usiofika saa moja, kasri ya pwani na nyumba ya harimu iliyokuwa ubavuni mwake zikaharibiwa vibaya, na Waingereza wakamweka Seyyid Hamoud bin Mohammed kwenye kiti.

Mwaka 1897 Malkia Victoria alitimiza miaka 60 ya utawala. Mwaka 1899 Seyyid Hamoud akaitoa ile bustani iwe ya umma kwa kumbukumbu ya sherehe hiyo, na ndipo ikaitwa Bustani ya Victoria. Mwaka huo huo wa 1899 kasri ya Maruhubi ikaungua moto, na hadi leo ukienda utaziona nguzo zake na hamamu. Mahali pawili pa wanawake wa Barghash, mwaka mmoja: pamoja pakawa magofu, pengine pakawa pa kila mtu.

Lakini subirini, hapa ndipo penye uzito.

Mwaka 1897, mwaka ule ule wa sherehe ya Malkia, Seyyid Hamoud alitoa amri ya kufuta utumwa kisheria Unguja na Pemba. Mtumwa aliweza kwenda mahakamani kudai uhuru wake. Isipokuwa suria. Masuria walihesabiwa kama wake, hivyo hawakuruhusiwa kudai uhuru ila wakithibitisha wamefanyiwa ukatili. Mlango huo ulifunguliwa mwaka 1909 tu.

Hebu hesabuni. Mwaka 1899 mtu yeyote aliweza kuingia bustani iliyotengenezwa kwa ajili ya masuria, akakaa chini ya kivuli chao. Wenyewe masuria wa kisiwa hiki walisubiri miaka 10 mingine ili na wao waweze kutoka mlangoni kwa hiari zao.

Tulipofika hapa ndipo tulipomwelewa yule bibi. Ukihesabu umri wake, bibi yake yeye alikuwa mwanamke kijana katika miaka hiyo hiyo. Kwake yeye hii ni habari ya mtu aliyempakata mama yake.

Hamamu ikawa baraza

Ndani ya bustani kuna jengo linaloitwa Victoria Hall. Lilijengwa juu ya hamamu ya wale wanawake. Kuanzia mwaka 1926 jengo hilo lilikuwa ukumbi wa Baraza la Kutunga Sheria la Zanzibar, hadi Mapinduzi ya mwaka 1964.

Mabibi harusi mnajua hamamu ni kitu gani hata kama hamjaingia. Ni maji, mvuke, kusugua mwili, kusinga, mafuta, harufu nzuri, na mazungumzo ya wanawake ambayo hayatoki nje. Siku zenu za kusingwa liwa kabla ya harusi zina nasaba na hamamu. Mkitaka kuiona hamamu ya zamani, nendeni Kidichi, ile iliyojengwa mwaka 1850 na Seyyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, yenye mapambo ya chokaa ya maua na ndege.

Basi pale Vuga, juu ya mahali walipokuwa wakioga wanawake, wakakaa watu wakitunga sheria za nchi. Uchaguzi wa kwanza wa wajumbe wa Baraza ulifanyika mwaka 1957, na wanawake hawakupiga kura. Walipiga kwa mara ya kwanza mwaka 1961. Mama zetu wakubwa wanaikumbuka foleni ile, na buibui zao. Baraza lilikaa juu ya hamamu ya wanawake miaka 35 kabla ya kura ya mwanamke kumpeleka mtu ndani yake.

Siku tuliyokwenda sisi

Baada ya kusoma yote haya tukaona haitoshi, twendeni tukatembee. Tukamchukua bi harusi, mama yake na yule bibi, Alhamisi moja baada ya laasiri. Jua limepoa, upepo wa bahari unafika mpaka Vuga, na chini ya miti mikubwa kuna ubaridi wake.

Bibi alitembea polepole. Alikuwa akiokota jani lililoanguka, analifikicha, ananusa, halafu anatupa sisi tunuse. Mjukuu akaanza kufanya hivyo hivyo. Ndipo tukaanza kuzungumza, si juu ya masultani, bali juu ya mwili wa bi harusi na vitu vinavyopakwa juu yake.

Karafuu mnayosagia singo asili yake ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia, na ilifika kwetu mwanzoni mwa karne ya 19. Mlangilangi umetoka Kusini-Mashariki ya Asia. Mdalasini umetoka Sri Lanka. Kakao ya keki yenu na vanila zote zimetoka Marekani ya Kati na ya Kusini. Udi wa kufukizia nguo haukui hapa kabisa, unakuja kwa biashara. Bi harusi wa Unguja anapotoka chumbani na kikuba chake cha asumini, rehani na mkadi, amevaa safari za watu wa dunia nzima. Na bibi akaongeza neno lake: "Na watu nao waliletwa hivyo hivyo. Wakashika mizizi, wakatuzaa sisi."

Hakuwa na hasira. Alimshika mjukuu mkono akamuuliza, "Wewe ulipoulizwa kama umekubali kuolewa na huyu kijana, ulijibu nini?"

Akasema, "Nilisema nimekubali, bibi."

"Na mahari yako ulitaja mwenyewe?"

"Nilitaja mwenyewe."

"Basi wewe umeulizwa. Bibi yangu hakuulizwa. Ukija hapa kupiga picha, njoo kama mtu aliyeulizwa."

Wallahi, tuliokuwepo sote tulifuta machozi.

Dada zetu, katika dini yetu ridhaa ya bi harusi ni sharti kubwa, na mahari ni haki yake mwenyewe, si ya baba wala ya mjomba. Tunayazoea haya mpaka tunayaona ya kawaida. Ukikaa dakika kumi katika bustani ile ukawakumbuka wasioulizwa, ile "nimekubali" yako utaiona ina thamani gani.

Nguo ilikuwaje?

Mtatuuliza, na satini nyekundu? Tuliirudisha rafuni, na hasara ya kukata tuliibeba sisi, kwa sababu fundi naye ana wajibu wa kuuliza kabla ya kutia mkasi. Bi harusi akachagua lesi ya rangi ya maziwa, mikono mirefu, shela zito la kufunika kifua, na kikuba. Picha zikapigwa bustani ile ile. Moja ya hizo bibi amekaa katikati, mjukuu amepiga magoti mbele yake. Hiyo ndiyo iliyotundikwa ukutani.

Kwa mnaotaka kwenda, haya machache kutokana na tuliyoyaona:

Nendeni asubuhi mapema au baada ya laasiri. Mwanga wa saa za mchana unaunguza sura na kivuli cha majani kinatia madoa usoni.

Gauni lenye mkia mrefu lishoneeni kitanzi cha kuunyanyulia. Majani makavu na utomvu wa miti hunasa kwenye lesi, na utomvu hautoki kwa sabuni. Hina nayo iacheni ikauke na ikae angalau siku moja kabla ya kugusa nguo nyeupe.

Nendeni na mashoga wawili wenye kanga mikononi, wawasitiri mnapotengeneza shela. Pale ni mahali pa watu wote, si harimu tena. Mkubalianeni na mpiga picha mapema picha gani zinatoka nje na zipi ni za mume tu.

Msichume maua. Okoteni yaliyoanguka.

Na mkitoka, pandeni kitu. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti, akala matunda yake mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Bibi harusi wetu alipanda mche wa asumini kwenye uwanja wa nyumba yake mpya wiki ile ile ya harusi, kwa nia ya kumuombea bibi wa bibi yake.

Mwenyezi Mungu awarehemu wanawake wote waliopita katika bustani ile, wanaojulikana na wasiojulikana. Awajaalie mabibi harusi wetu ndoa zenye kuulizana, mapenzi na huruma. Aamin.

Ukiwa na bibi nyumbani, muulize leo bibi yake alikuwa nani. Usisubiri siku ya kujaribisha nguo.